Baba Krismasi Asikunjwe Mbichi

Delaney, Garrett,

Baba Krismasi wa nje, yule wa puto, yumo bafuni, nimemtoa upepo, ananing'inia kwenye fimbo ya pazia. Asikunjwe mpaka akauke, hata ndani ya ndevu. Mwaka jana tulimweka mbichi akaota ukungu mgongo mzima. Pai ya kuku imo kwenye friji.

Najua mlisikia kelele alfajiri. Alikuwa baba yenu. Tangu ahame hajabisha hodi hapa hata mara moja, leo nikamkuta amepiga magoti kwenye theluji anang'oa vigingi vya Baba Krismasi. Nikamuuliza, "Wade, umefuata watoto au puto?" Akanijibu, "Nilimnunua mimi." Basi nikamfukuza, akaondoka mikono mitupu.

~~Akirudi jioni msimfungulie.~~

Akirudi jioni mfungulieni. Mpeni Baba Krismasi wake, kamba zake, na vigingi vyake vyote. Ila ile feni ya kumjaza upepo ninayo mimi, nimekwenda nayo kazini. Bila hiyo hasimami. Akiitaka, akae mezani na nyinyi, ale, anisubiri.

Sahani yake nimeshaiweka. Msimwambie ni mimi.

Mama