Jani Halitafika Singida

Uru, Moshi
14 Agosti 1996

Kaka Mkumbo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo. Huku tunang'oa kahawa tupande nyanya.

Juzi nilifyeka majani marefu kandokando ya shamba, nikampa ng'ombe. Mama Ndelilio, mwenye shamba, akashika kiuno: "Wewe mtu wa Singida, umemlisha ng'ombe mpaka wetu!" Kumbe ni masale. Wachaga huyapanda mpakani, na mkosaji akimpelekea jani la masale aliyemkosea, lazima asamehewe. Nikampelekea jirani tunayepakana naye jani moja lililosalia. Akacheka, yakaisha.

Kaka, sikuja kumzika baba. Nilikuandikia kwamba naumwa. Sikuumwa, niliona aibu kurudi mikono mitupu. Mwaka wa pili huu hunijibu. Nilitaka kukutumia jani la masale ndani ya bahasha, nikamuuliza Mama Ndelilio.

"Wenzako wa Singida watampa mbuzi alile," akasema. "Kwa asiyelijua, hilo ni jani tu. Nenda mwenyewe."

Nitafika Jumapili. Kama ni kunifukuza, nionyeshe kwanza kaburi.

Mdogo wako,
Kitundu