Amri ya Moshi Birere

Yaya Kavira, dada yangu,

Salamu kwako na kwa vitabu vyako vya sheria. Hapa Goma mvua inanyesha kila mchana, lakini asubuhi ninakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa kukaanga, mpaka naona aibu.

Anayewakaanga ni Mama Riziki, mujane anayeuza sokoni Birere. Juzi prezida wa chama cha wauzaji, ambaye duka lake linaingiwa na moshi wa Mama Riziki, alikataza kuwasha moto kabla ya saa sita. Wateja wa Mama Riziki ni watu wa moto-taxi, wale wa pikipiki, na wanakula asubuhi. Mama Riziki akaenda kumulilia muzee Kambale, mwalimu mustaafu, hakimu wa chama.

Muzee akafungua katiba ya chama. Inasema kila mwanachama atauza saa anayotaka. Akaifuta ile amri.

"Imeandikwa wapi kwamba wewe unaweza kufuta amri yangu?" prezida akauliza.

"Haikuandikwa. Imeandikwa tu kwamba katiba iko juu yako. Katiba na amri yako zikigongana, nifuate gani?"

Prezida akaandika amri ya pili palepale: hakimu asifute amri. Muzee akaisoma polepole, akaazima kalamu ya prezida, akafuta nayo hiyo amri pia.

Mama Riziki akawasha moto, na wakaangaji wenzake wakawasha mioto yao. Prezida akafunga dirisha la duka lake. Saa nne akaja mwenyewe na sahani, akaomba sambaza wake wasitiwe pilipili.

Mubusu mama, na usome bila kuumiza macho.

Mudogo wako anayekukumbuka,
Kasereka