Sanamu za Misri

Korogwe, Jumanne, baada ya isha

Zimevunjwa zote. Hata yule paka wa jiwe jeusi, aliyependwa na marehemu binti yangu Zuhura.

Mama mkwe alifika leo kutoka Misima kuhani msiba. Hata maji hakunywa. Alisimama mbele ya rafu yangu akauliza, "Masanamu haya ndiyo yaliyomla mjukuu wangu?"

Nilimweleza kwa adabu kwamba ni vitu vya ukumbusho tu, vilivyochongwa kwa kuiga vya makaburi ya kale ya Misri. Miaka yote hii nimevikusanya kutoka kwa askari wa Kisudani wa bomani, waliokuja navyo kutoka Kairo.

"Mama, mtoto amekufa kwa homa."

Akachukua mchi.

Nilimtazama mke wangu Mwanahawa, nikitaraji amzuie mama yake. Akasema, "Mwache avunje." Kumbe naye ananilaumu, nikawaza, na moyo ukaniuma kuliko nilivyoweza…

Jioni nilikuwa nimepiga magoti nikiokota vipande, Mwanahawa akaja akakaa kando yangu.

"Baba Zuhura, mimi sisemi zimemuua."

"Mbona basi ulimwacha?"

"Siku ile homa ilipompanda, ulipokwenda kumwita mganga, niliziomba zote. Moja moja. Mimi, Mwislamu! Hata yule mwenye kichwa cha mwewe nilimwomba. Zikanitazama tu."

Vipande nilivyokwisha kuviokota nikavirudisha chini, nikachukua ufagio, nikazoa vyote pamoja na vumbi lake.