Mvutano Ulioniponza kwa Wakwe

Shikamoo Bi Zuleha, mshauri wetu wa kila Jumamosi,

Naomba unisaidie maana nimejiponza kwa kalamu yangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tunduma, kwetu Ileje, nina mchumba wa hukohuko anaitwa Lusungu, tulipanga kufunga ndoa Desemba hii ya 2015, ila mwezi uliopita nikapata nafasi ya kusoma Ujerumani, Bi Zuleha nilipiga vigelegele mpaka walimu wote wakatoka ofisini, maana nchi nzima nimechukuliwa mimi peke yangu, nakwenda kwa wataalamu wanaounda kipimo kitakachopandishwa kwenye setilaiti siku za usoni, kinapoza atomi mpaka zinakaribia kutulia tuli, kisha zinaachwa zianguke na mwanga wa leza unasoma zilivyoanguka, hapo unajua dunia inavuta kwa nguvu kiasi gani. Basi nikawaandikia wakwe kuomba ndoa isogezwe mbele, nikaandika kitaalamu, "Nakwenda kusomea mvutano," na mshenga wetu, mzee Ambakisye, akaisoma barua kwa sauti mbele ya ukoo, mama mkwe akasimama akasema, "Kumbe! Hata hajaolewa anasomea mvutano, akihitimu si atatufukuza wote?" na sasa wameleta neno kwamba nichague masomo au mtoto wao, nami naondoka baada ya wiki mbili, Lusungu nikimpigia simu anasema tu "tuwasubiri wazee", na ninampenda kweli, je, niache safari?

Tumpe, Tunduma

Marahaba mwanangu Tumpe, na hongera! Nimeisoma barua yako nikapiga kigelegele changu hapa hapa, jirani akadhani nimepata mjukuu.

Sasa nikuseme. Mwalimu mzima, barua ya wakwe unaiandika kama mtihani wa kidato cha nne? Kwetu mvutano ni ugomvi wa mipaka ya mashamba na wa mawifi, na hilo ulilijua kabla hujaijua fizikia. Mama wa watu hana kosa, amesikia alichoandikiwa.

Jumapili hii baada ya ibada panda Ileje wewe mwenyewe. Muulize mama mkwe kisima chake siku hizi kinakauka mwezi gani. Akishajibu, mweleze kwamba palipo na maji mengi ardhini dunia huvuta zaidi kidogo, maji yakipungua na nguvu hiyo hupungua, na kipimo chenu kitalijua hilo kutoka angani. Usitie chumvi. Mwambie bado hakijaruka, na kikiruka hakitamwonyesha pa kuchimba uani kwake, kitaonyesha hali ya maji ya nchi kubwa.

Lakini mama si tatizo lako. Tatizo ni huyo wa "tuwasubiri wazee". Mwanamume anayetaka mke huwaambia wazee wake kwa kinywa chake. Mpe nafasi siku hiyohiyo, mbele yao, asimame aseme. Akisema, harusi itasogezwa na hakuna atakayekufa.

Asiposema, utalia, na ukimaliza kulia ufunge sanduku. Safari huiachi, Tumpe, nimesema huiachi. Una wasichana darasani wanaokutazama, na wengine wao fizikia wanaiogopa kuliko nyoka. Lusungu akikuuliza utarudi lini, mtajie tarehe. Akikuuliza kwa nini unakwenda, mjibu bila kuinamisha kichwa: kwa sababu nimefaulu.