Kwa Hadija, Anayesoma Hamira

Mwanangu Hadija,

Asubuhi nimekoroga hamira ya maandazi, nikasimama na bakuli mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka. Nilikuwa nimekukumbuka. Likizo yako ya mwisho hapa Kinjumbi ulikaa juu ya mbuzi ya nazi ukanionyesha povu. "Mama, chembe hizi za hamira ziko hai."

Nikacheka. Ndipo ukanieleza unachosomea huko kwenye baridi: kwamba chembe ya hamira haijigawi mpaka imekua vya kutosha, na chakula kikiisha husimama ikangoja. Kwamba ndani yake protini zikijikunja vibaya, zipo nyingine za kuzikunja upya, zikishindikana, huvunjwavunjwa.

"Na zinazobaki?" nikauliza.

Ukasema chembe mama hubaki na nyingi ya zile mbovu, ili binti anayechipuka ubavuni mwake aondoke msafi.

"Na huyo mama?"

"Huzeeka, mama. Huzaa, huzaa, kisha basi."

Ukachukua unga ukakanda wewe, na hukunitazama usoni mpaka maandazi yalipoiva.

Nyumba imepoa sasa. Baba yako alipofariki nilibaki na wewe. Wewe ulipoondoka nimebaki na redio. Wiki nzima nangoja simu yako ya Ijumaa. "Shikamoo mama. Mimi mzima, masomo yanaendelea." Nami hujibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi, sina neno."

Juzi rafiki yako Somoe alipita kunisalimia, akidhani najua. "Afadhali Hadija ametoka hospitali." Nikamuuliza ulilazwa lini. Kumbe Ijumaa iliyopita ulinipigia ukiwa kitandani, umelazwa, ukaniambia u mzima! Somoe alipoondoka nililia. Umeuguzwa na watu nisiowajua, na mimi mama yako nilikuwa hapa nakaanga maandazi.

Najua unanionea huruma, unaona nimebeba ya kutosha. Lakini habari njema tupu zinaniletea mtu mwingine mwenye sauti yako, na huyo simjui. Nakutaka wewe. Ukiumwa, sema unaumwa. Kazi ikikushinda, sema imekushinda.

Ngoja nianze mimi. Goti limevimba, shamba siendi tena. Na jioni hupakua sahani mbili, kisha moja nairudisha chunguni.

Haya, sasa niambie na wewe.

Mama yako,
nipo Kinjumbi, nakusikiliza.