Ufunguo wa Sanduku la Mawe

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye bado anapumua, bado anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, na bado hajaizoea baridi ya mji huu baada ya miaka thelathini na minne. Goti lako limepoa? Paa la chumba cha nyuma mlilirekebisha, au bado mnatega ndoo? Huku mimi na mwanao tu wazima.

Uliniuliza kwa nini hakupandishwa cheo. Nitakueleza.

Msimamizi wa karakana ya mizani alipotangaza kustaafu, karakana nzima iliugua. Mafundi waliacha kutengeneza mizani wakaanza kutengeneza sura zao. Yule tunayemwita Kicheko alihamishia meza yake karibu na mlango wa mkuu, akawa anacheka kabla mzaha haujafika mwisho. Mwingine alianza kutembea haraka na karatasi mkononi, stoo hadi dirishani, dirishani hadi stoo, na karatasi ni ileile kwa wiki tatu.

Nilidhani mwanao ana akili kuliko hao. Kumbe naye alihudhuria semina ya siku moja, akarudi na daftari. Alinisomea jikoni kwamba mtu huvalia cheo anachokitaka, si alicho nacho. Kwamba ayataje mafanikio yake mbele ya wakubwa. Kwamba kitu kikiharibika aseme ni changamoto. Kesho yake akaenda kazini na tai. Tai, mdogo wangu, juu ya aproni yenye grisi. Fundi mmoja akamuuliza anaoa mizani ipi.

Nilimkumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu kwa heshima zote, "Mjomba, chema nimekiweka sokoni miaka tisa. Hakuna aliyeuliza bei."

Nilimdharau kwa jibu lile, ingawa nilijua amesema kweli. Mkono wake unajua kazi. Huitambua mizani iliyopotoka kwa gramu mbili kabla hajaweka jiwe la kupimia juu yake.

Cheo kimekwenda kwa Kicheko. Ufunguo wa sanduku la mawe ya kupimia ameutundika shingoni kama nishani, na kila asubuhi humwita mwanao amwonyeshe jiwe lipi ni lipi. Mwanao humwonyesha. Tai ameikunja, ameirudisha kabatini, na jioni hali chakula tena mezani pamoja nami.

Sasa nisikilize. Pale karakana wana desturi: kabla ya kuteua msimamizi, mkuu huwauliza wote waliowahi kuwa wasimamizi na kuushika ufunguo ule. Tuliobaki hai ni wawili, anayestaafu na mimi niliyemtangulia. Anayestaafu alimtaja mwanao bila kusita. Kisha mkuu akaja kwangu, akanywa chai yangu, akauliza. Akaongeza kwamba msimamizi mpya, baada ya miezi michache hapa, atahamishiwa tawi jipya, safari ya siku mbili kwa treni.

Niliviona viatu vya mwanao mlangoni, kando ya vyangu. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu mwenye busara, "Kijana yule ana mkono wa dhahabu. Mkimtoa mezani, mizani zenu atatengeneza nani?"

Mkuu alinishukuru kwa hekima yangu. Nilimsindikiza hadi ngazini.

Kwa hiyo, katika wote niliowacheka, wa kwanza kuchekwa alistahili kuwa mimi. Kicheko alitaka cheo na kila mtu alimwona akikitaka. Mimi nilitaka mtu wa kula naye jioni, nikakiita nilichofanya sifa.

Wasalimie watoto na jirani yako mwenye mbuzi. Mungu akupe goti jipya.

Unajua mwanao ndiye hupeleka barua zetu posta, na kwamba hazifungi kabla hajazisoma na kukuandikia salamu zake chini. Na hii nitampa kesho asubuhi, bahasha ikiwa wazi. Nimemwachia nusu ukurasa.

Ni mimi kaka yako,
niliye mbali kwa miaka mingi.