Shemeji Niliyemtoa Motoni

Mwenzangu, sikia haya. Nimempiga shemeji kwa kiti. Mimi! Kwa kiti!

Si unajua kwenye ile filamu yetu anaigiza daktari, anamtoa mtoto motoni? Nilipohariri trela, kile kionjo cha filamu, niliutoa moto, nikaacha ndevu zake na mtoto anayelia. Nilitaka watu waogope.

Leo kanivamia ofisini: "Umenifanya mtekaji! Ndevu zangu zimekukosea nini?" Akanisukuma. Nikampiga, paji la uso likapasuka.

Mlinzi akaingia mbio. Kiti ninacho mkononi, shemeji yuko chini, damu tupu. Akamrukia nani? Shemeji! Rungu, mateke, rungu tena. Nikapiga kelele, "Mwache, mimi ndiye niliyempiga!"

Akanijibu akihema, "Usimtetee, bosi. Huyu mtekaji nimemwona kwenye trela."